Neno "Mrs." Lililokosekana Gazetini

Juzi, katika maktaba moja ya Upper Marlboro, jimboni Maryland, Marekani, mama mmoja Mmarekani Mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni aliniita nitazame gazeti la miaka ya hamsini kwenye skrini. Ilikuwa habari ya ajali ya basi.

"Soma majina ya majeruhi," alisema.

Majina ya wanawake Wazungu wote yalitanguliwa na "Mrs.", neno la heshima kwa mke wa mtu. Wa mwisho, Mweusi, aliandikwa jina la kwanza tu.

"Huyo ni mama yangu. Alikuwa mke wa mtu, tena mwalimu. Magazeti mengi wakati ule yalitunyima sisi Weusi neno hilo."

"Pole, mama. Waandishi wale hawakuwa na adabu."

Akanitazama juu ya miwani. "Na wewe, ndugu mwandishi? Ile sherehe ya Gaithersburg uliyoiandika kwenye safu yako, wageni uliwaita Mheshimiwa, Daktari, Mchungaji. Aliyepika ulimwitaje?"

Niliinamisha kichwa. Nilimwandika "dada wa jikoni", mwanamke mwenye wajukuu.

Jioni ile nilimpigia mwenye sherehe nipate jina la yule mpishi, nimwombe radhi hapa kwenye safu hii.

"Kusema kweli," akajibu, "hata sisi hatukumuuliza."