Kabati Lisilokubali Kufungwa

Mtaani walimwita Mama Funguo, na alishazoea hivyo hata akiitwa jina lake la kuzaliwa alichelewa kugeuka. Alikuwa fundi cherehani, hodari wa sare za shule, na shingoni alivaa kamba yenye rundo la funguo zilizogongana kila alipokanyaga mtambo. Alifunga mlango, dirisha, sanduku la vitambaa, hata kopo la vifungo vya mashati. Siku moja mama mkwe wake alikuja kumsalimia, akataka maji ya kunywa, akakuta kabati la vikombe lina kufuli. "Mkwe wangu," akasema, "na hewa je? Niombe ufunguo nivute?" Waliokuwepo walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama Funguo naye alicheka, akafungua, akamimina maji, akafunga tena.

Hakuwa hivyo tangu zamani. Kilichomgeuza kilikuwa biskuti moja. Binti yake wa pekee, ambaye kwa kuongea bila kituo alibandikwa jina la Chiriku, alipewa biskuti hiyo na jirani mwema kabisa alipokuwa bado mdogo wa kubebwa. Ndani yake mlikuwa na karanga. Midomo ya mtoto ilivimba, macho yakafumba, pumzi ikaanza kupiga mluzi kifuani. Walimfikisha hospitali mama akiwa miguu mitupu, na daktari alipomrudisha mtoto duniani alimweleza kwamba huo ni mzio, kwamba mwili wa Chiriku unaiona karanga kama sumu, hata chembe yake tu kwenye kidole cha mtu mwingine. Akampa sindano ya dharura yenye umbo la kalamu nene, ya kumchoma mtoto pajani papo hapo, kabla hata ya kutafuta gari.

Mama Funguo aliipokea kwa mikono miwili. Alipofika nyumbani aliifungia ndani ya sanduku la bati, na ufunguo akautia shingoni. Hakuna aliyemwuliza kwa nini. Kwake yeye, kukitunza kitu kulikuwa ndiko kukifunga.

Basi Chiriku akafika umri wa darasa la kwanza. Mama yake alipoteza usingizi, akashona sare za watoto wa wenzake zikiwa na mikono mirefu kuliko miguu, akazifumua, akazishona upya. Mwishoni mwa likizo alijikaza, akavaa gauni lake la kutokea, akaenda shuleni kuomba.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu mpole, mwenye miwani iliyomteleza puani kila mara. Alikuwa bado mgeni hapo, hajatimiza hata mwaka. Mama Funguo alikuwa amejiandaa kwa vita. Aliomba watoto wa darasa lile wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kuingia, aliomba binti yake akae dawati la mbele karibu na mwalimu, aliomba karanga zisiingie jikoni kabisa.

"Mama, hayo yote yapo tayari," alisema mwalimu mkuu. "Watoto wananawa kila asubuhi pale bombani. Jikoni hapa hakujawahi kupikwa karanga tangu nifike. Na darasa la kwanza lina dawati moja mbele ambalo halikaliwi na mtu."

"Kuna mtoto mwingine mwenye shida hii?"

"Hapana. Nimeyakuta tu. Mpishi ndiye anayeyasimamia." Akasukuma miwani yake. "Wewe umeomba, mimi nimekubali. Kuna lingine?"

Furaha ilimpanda Mama Funguo, na nyuma ya furaha kulikuwa na kitu cha baridi ambacho hakukielewa. Ilikuwa kana kwamba Chiriku alikuwa akisubiriwa hapo muda mrefu.

"Lingine ni sindano," alisema. "Nataka ikae mahali pa kufungwa. Kufuli la uhakika, na ufunguo ukae kwako, Mwalimu. Watoto wasiichezee."

Mwalimu mkuu alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Hapo ndipo pana kazi. Twende ukaone."

Ukumbi mrefu wa madarasa ulikuwa mtupu. Viti vilikuwa vimepinduliwa juu ya madawati, na bomba la nje lilisikika likidondosha maji, tone kwa tone. Kabati la dawa lilikuwa limepigiliwa ukutani nje ya darasa la kwanza, usawa wa kifua cha mtu mzima. Mlango wake ulikuwa wazi. Kufuli lilining'inia kwenye pete yake, limefunguka.

"Jioni linafungwa," alisema mwalimu mkuu. "Asubuhi tunalikuta hivi. Nimenunua makufuli mpaka muuza duka ananipigia saluti. Funguo ninazo mimi. Dawa haziibiwi, hata bandeji haipungui. Mlinzi anaapa haoni mtu. Mimi nalifunga tena, ufunguo naweka mfukoni, na linatulia mchana kutwa. Kesho yake, yaleyale."

Mama Funguo aliugusa mlango wa kabati. Ubao ulikuwa na unyevu, sehemu ya chini kabisa, na mvua haikuwa imenyesha tangu mwezi ule uandame. Alipogeuka alimwona mpishi amesimama kwenye mlango wa jikoni, mwanamke mrefu, mkimya, mwenye aproni nyeupe iliyofuliwa hadi ikawa nyembamba. Watoto walimwita Shangazi, na wakubwa nao wakafuata. Alikuwa amesikia kila neno.

"Shikamoo, Shangazi," alisema Mama Funguo.

"Marahaba, mama," alijibu, akarudi ndani.

Mtu mwingine angeogopa akamtafutia mwanawe shule nyingine. Mama Funguo alikasirika. Kufuli lisilofunga lilikuwa tusi kwake. Alikwenda dukani akanunua kufuli kubwa la chuma, la aina wanayofungia maghala, na shule ilipobaki siku mbili kufunguliwa alirudi alasiri, akaiweka sindano ya Chiriku kwenye rafu ya chini mbele ya mwalimu mkuu, akalibana kufuli kwa mkono wake mwenyewe. Likalia ka! Akalivuta kwa uzito wake wote. Funguo zote za kufuli hilo akazitia kwenye kamba ya shingoni.

"Leo nalala nazo," alisema. "Tutaona."

"Ukimkamata huyo mchawi, niletee nimsajili," alisema mwalimu mkuu. Wakacheka wote wawili. Shangazi, aliyekuwa akifagia mwisho wa ukumbi, hakucheka.

Asubuhi iliyofuata Mama Funguo alimwacha Chiriku kwa jirani na kwenda shuleni jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza. Njiani alizishika funguo mara kwa mara, na zote zilikuwepo. Mlinzi alimfungulia geti huku akipiga miayo. Ukumbini mlikuwa na mwanga hafifu wa kijivu, na bomba lilikuwa linadondosha.

Shangazi alikuwa mbele ya kabati, amempa mgongo. Mlango wa kabati ulikuwa wazi. Lile kufuli la chuma lilining'inia, mdomo umeachama. Shangazi alikuwa anaufuta mlango kwa aproni yake, taratibu sana, namna mtu anavyomfuta mtoto uso baada ya kumwogesha.

Mama Funguo aliona kabla hajamaliza kufuta. Kwenye ubao, chini, palikuwa na alama za viganja vilivyolowa maji. Vilikuwa vidogo, vidole vimetanuliwa, kama vya mtoto aliyenyanyuka kwa ncha za miguu ili afike. Maji yalikuwa bado yanachuruzika. Sakafuni nyayo ndogo za maji zilitoka upande wa bombani hadi hapo, na hakukuwa na nyingine za kurudi.

Alitaka kukimbia na miguu ikakataa. "Shangazi," alisema, na sauti yake ikatoka kama ya mtu mwingine. "Ni nani huyo?"

Shangazi hakushtuka. Alimalizia kidole cha mwisho, akaikunja aproni pale palipolowa.

"Ni binti yangu," alisema. "Usiogope. Hana ubaya na mtu."

Akamweleza palepale, amesimama, macho kwenye kabati. Alikuwa na mtoto mmoja, wa darasa la kwanza, mwenye mzio kama wa Chiriku. Naye alikuja kuomba: mtoto akae mbele, wenzake wanawe mikono, karanga zisiingie jikoni, sindano ikae pa kufungwa. Akaambiwa atajibiwa. Jambo moja tu ndilo lililokubaliwa siku ileile, sindano kufungiwa kwenye kabati, kwa sababu hilo halikumpa mtu kazi. Kisha ikaja siku ambayo mtoto mwenzake alimgawia kitafunio chenye karanga. Mwalimu wa darasa alijua la kufanya, akakimbilia kabati. Lilikuwa limefungwa. Mwalimu mkuu wa wakati huo alikuwa amekwenda mkutanoni, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

"Walilivunja kwa jiwe," alisema Shangazi. "Walichelewa. Walinionyesha sindano yenyewe, nzima, haijatumika."

Baada ya mazishi aliomba kazi ya upishi, wakampa kwa aibu. Yale mengine aliyoyaomba akayafanya mwenyewe: kunawa mikono, jiko lisilo na karanga, dawati lisilokaliwa. Na asubuhi moja akalikuta kabati wazi, likiwa na viganja ambavyo angevijua hata gizani.

Mama Funguo alikuwa akilia bila kujifuta. Kisha wazo likamjia, na machozi yakakatika.

"Mwalimu alisema jioni linafungwa. Nani hulifunga?"

Shangazi aliikunja aproni mara ya pili.

"Shangazi, nani hulifunga?"

"Mimi," alisema. "Mwalimu akisahau, nalibana mimi kabla sijaondoka. Halihitaji ufunguo kulifunga. Siku za likizo nakuja kwa ajili hiyo tu." Akainua uso. "Nikiliacha wazi, haji. Nilijaribu. Asubuhi palikuwa pakavu."

"Ulinisikia nikiomba kufuli."

"Nilikusikia."

"Ulijua ufunguo ungekaa mfukoni mwa mtu! Ulijua, na mwanangu angekaa dawati lile, na ulinyamaza!" Hasira ilimpanda hadi funguo zikatetemeka kifuani. "Wewe, kati ya watu wote!"

"Kila siku nilisema nitasema kesho," alijibu Shangazi, kwa sauti ndogo. "Mama, ninachopata ni kile tu. Vile vidole. Sina kingine chake kinachobadilika. Picha yake ni ileile kila siku."

Mama Funguo aliishika kamba ya funguo shingoni. Alikumbuka sanduku la bati nyumbani, chini ya kitanda, na miaka yote aliyolala kwa amani kwa sababu dawa ya mwanawe ilikuwa imefungwa barabara, na ufunguo shingoni mwa mtu anayekwenda sokoni, anayekwenda kisimani, anayekwenda misibani. Kwa muda wote huo Chiriku alikuwa salama kwa bahati tu. Akaegemea ukuta.

Hakuomba tena. Hakuweza kumwomba mwanamke yule aache kulifunga kabati. Ni Shangazi aliyeingia jikoni mwenyewe, akatoka na kisu kifupi cha kumenyea, akaanza kufungua skrubu za bawaba. Ya kwanza ilikuwa na kutu na ikamsumbua. Mama Funguo alikuja kuushikilia mlango usianguke. Walifanya kazi hiyo kama wanawake wawili wanaokunja shuka. Mlango ulipotoka, Shangazi aliukumbatia akaenda nao jikoni.

Mwalimu mkuu alipofika alilitazama kabati lisilo na mlango, akasukuma miwani. "Mama, si uliomba kufuli?"

"Nimebadili ombi, Mwalimu. Nataka liwe hivi. Na kila mwalimu ajue sindano iko wapi na inachomwaje. Nitakuja kuwafundisha mwenyewe."

"Na mchawi wetu?"

"Hakuwa mchawi," alisema Mama Funguo, akamkabidhi funguo zote za kufuli la chuma.

Siku ya kufungua shule alifika mapema, Chiriku mkononi, sare imenyooka na pindo limeachwa refu la kukulia. Shingoni hakuwa na kamba. Chiriku aliongea njia nzima: mwalimu atakuwa mnene au mwembamba, dawati litakuwa na jina, na kwamba yeye atawaambia wote kuwa karanga hazimpendi, naye hazipendi. Walipoingia getini alikimbilia bombani kunawa kabla hata hajaambiwa.

Shangazi alikuwa amesimama mbele ya kabati. Aproni alikuwa ameishika mikononi, tayari, na ilikuwa kavu. Sakafu ilikuwa kavu. Mama Funguo alisimama kando yake.

"Amepumzika," alisema Shangazi baadaye. Akamgeukia. "Si ndiyo? Si amepumzika?"

"Amepumzika, Shangazi."

Chiriku alikuja mbio, mikono ikidondosha maji. "Mama! Iko wapi sindano yangu? Nafika? Ngoja uone kama nafika!" Akanyanyuka kwa ncha za miguu, akakipachika kiganja kimoja kwenye ubao wa kabati, cha pili akakitupa juu ya rafu, akaigusa sindano yake. "Nimefika!" Na huyo, akatoweka darasani kutafuta dawati.

Kwenye ubao kilibaki kiganja, kidogo, vidole vimetanuliwa, maji yakichuruzika.

Shangazi aliinama akawa nacho uso kwa uso. Akanyanyua aproni, kwa mazoea. Kisha akaishusha, akasimama pale, akakitazama hadi kilipokauka chenyewe.