Ubao Uliong'aa Kupita Kiasi

Jumapili, tarehe tisa Januari. Mawingu tangu alfajiri, upepo kidogo, mvua haikunyesha.

Siku hiyo seremala alikuwa na mtihani, na msimamizi wake alikuwa mkewe. Mkewe ni mpishi wa shule ya bweni, shule inafunguliwa Jumatatu, na mpishi asiyeripoti siku ya kwanza hukuta sufuria zina mwenyewe. Lakini tangu mumewe aanguke kutoka kwenye paa, akaumia uti wa mgongo na miguu ikakataa kumtii, yeye ndiye aliyekuwa akimnyanyua.

"Siondoki," alisema, "mpaka nikuone unatoka sakafuni hadi kitini bila kushikwa. Ukianguka mchana, nani atakuokota?"

Kwa miezi saba mwalimu wa mazoezi, mwanamke mfupi waliyembandika jina la Mama Tena, alikuja kila Alhamisi. Seremala akiinua chupa za mchanga mara ishirini: "Tena!" Akisukuma mikono ya kiti mpaka makalio yanyanyuke: "Tena!"

"Huyu hata mazikoni atamwambia maiti, 'Tena!'" alinung'unika seremala. Lakini mabega yalijaa hadi mashati yakambana. Kutoka kitandani hadi kitini alishaweza, kwa kupita juu ya ubao. Sakafu ndiyo iliyokuwa bado inamshinda.

Kwa siku za kubaki peke yake alijitengenezea ubao mpya. Seremala ni seremala: aliupiga randa, akaupiga msasa, akaupaka vanishi mara tatu mpaka akajiona sura.

"Tazama kazi, mama watoto!" Akaulaza kati ya kitanda na kiti cha magurudumu, akaukalia. Ubao ukamponyoka kama sabuni. Puu! Chini.

Mkewe akaruka.

"Usiniguse!"

"Umeumia?"

"Kilichoumia ni ufundi."

Alijikokota hadi kwenye kigoda, akakisogeza mbele ya kiti cha magurudumu, akahakikisha breki zimekaza. Akakipa kigoda mgongo, akasukuma kwa mikono ajinyanyue. Akarudi chini. Akasukuma. Akarudi chini, jasho likimtiririka.

"Nimwite jirani?"

"Sema neno lake."

"La nani?"

"La yule mwanamke mfupi."

"Tena," mkewe akanong'ona.

Makalio yakatua kigodani.

"Tena!" Sasa alipiga kelele, hata kuku wa jirani wakatawanyika. Seremala akainamisha kichwa mbele kama alivyofundishwa, akakaza viwiko, akapanda. Akakaa kitini, akapanga miguu yake mmoja mmoja.

Mkewe alimkagua ngozi ya makalio na visigino, maana penye ganzi jeraha halipigi hodi. Hakukuwa na hata mchubuko. Ndipo alipotungua aproni yake msumarini, akaanza kuipiga pasi huku akiimba.

Kesho yake asubuhi mpishi aliondoka saa kumi na moja na nusu. Seremala, akiwa bado kitandani, aliusugua ubao kwa msasa mpaka mng'ao ukaisha na shuka zikajaa unga wa mbao. Akahamia kitini, akakung'uta shuka, akaenda kufungua karakana.