Aliyesimulia Ni Mdogo Mtu

Karani wa maktaba ya muziki, waliyembandika jina la Kalamu, hakuwa mtu wa maneno mengi. Kwa miaka ishirini na sita aliandika kila kilichotokea katika studio ya hapo: saa, ala, nani kachelewa. Mwezi ule hifadhidata ya muziki iliongezewa nafasi ya msimulizi, maana hadi hapo waimbaji na wapigaji tu ndio waliotajwa. Kuijaza akapewa yeye.

Kanda moja ikamletea balaa. Bendi ilipiga dakika tatu, mwanamke akasimulia kisa dakika kumi na tisa. Kasha la kanda lilimtaja msimulizi kuwa mke wa kiongozi wa bendi, sasa marehemu. Asubuhi moja akaja mdogo wa marehemu huyo, fundi cherehani, mkoba kaukumbatia kama ngao.

"Sauti ile ni yangu," akasema bila kuketi. "Iandike."

Kiongozi wa bendi, aliyekwisha kunusa habari, akaingia nyuma yake. "Shemeji, hata kaburini humwachi dada yako apumzike?"

"Dada simgombi. Nakugomba wewe. Siku ile yeye kalazwa hospitali, ukanijia mbio. Kumbe ulitaka koo tu, mwenye koo hukumtaka."

"Sauti zenu zilikuwa moja. Nani atajua?"

Kalamu akafungua daftari la mwaka ule, akasoma: "Mke kalazwa. Kasimulia mdogo mtu. Kasimama kutwa, hakupewa kiti."

Kiongozi akachungulia, akacheka. "Haya. Na kasha kaandika nani?"

Kiongozi akalivuta kasha mezani, akaliweka kando ya daftari.

"Mwandiko ule ule! Mkono mmoja, maneno mawili. Tuamini lipi?"

Kweli, kasha aliliandika yeye, jioni ile ile. Alikuwa na mwezi mmoja tu kazini, na kiongozi alimwuliza kama kazi bado anaitaka. Akaandika, akaufyata.

Fundi akamkazia macho. "Kumbe wewe! Miaka yote napita dirishani hapo nakusalimia."

"Nilijua, dada. Nilijua na nikaandika."

"Mimi si dada yako. Dada niliyekuwa naye mlimtwisha kazi yangu."

Kiongozi akagonga meza. "Badilisha uone! Nakwenda juu kwa mkuu wako, nimwambie madaftari yako yote uongo mtupu. Utatimuliwa na mvi zako hizo."

"Nenda. Ngazi ziko kushoto."

Kiongozi akatoka akibamiza mlango. Kalamu akaandika jina la fundi. Mashine ikataka chanzo, akatia namba ya daftari. Ikataka sababu ya masahihisho. Vidole vikasita, kisha vikaandika: Kasha niliandika mimi. Niliandika uongo nikijua.

Akamgeuzia kioo cha kompyuta. Fundi akasoma mara mbili, polepole, kama anayekagua mshono.

"Hifadhi."

Kalamu akabonyeza. "Naomba unisa—"

"Uongo wako ulikula miaka ishirini na sita. Usitake msamaha wa papo kwa papo."

Akaondoka na mkoba wake. Juu ya dari, hatua za kiongozi zilikuwa zimeshafika mlangoni kwa mkuu.