Mikungu ya Posa Iliyosimikwa Barabarani

Weka dau lolote, weka hata jogoo, hakuna atakayeamini kwamba Rugaibula wa Izigo, mwanamume ambaye lubisi yake, pombe ya ndizi, inafuatwa na pikipiki kutoka Bukoba mjini, alikwenda kwa jirani na dumu tupu kuomba pombe.

Kisa ni mdogo wake, Avit. Siku moja alikuwa anakuja Gamaliel, injinia mzaliwa wa hapo kijijini, aliyewaletea bomba la maji. Rugaibula mwenyewe alimsifu kila kilabu: "Yule kijana ana kichwa. Mimi ningesoma, ningelileta ziwa zima." Akishasifu, anarudi shambani kwake. Avit harudi. Picha ya Gamaliel kaibandika ukutani, juu ya Bikira Maria.

Basi Rugaibula anatoka gulioni, anakuta barabara imesimikwa migomba kushoto na kulia kama kuna harusi. Tena yenye mikungu. Akaisogelea. Ni mbile zake, ndizi za pombe, alizokuwa anangoja zikomae akamposee mwanawe Mushumbusi kule Rubafu.

"Avit! Umekata nini?"

"Kaka, mgeni mkubwa huyu."

"Mgomba wa kupamba ni ule ambao haujazaa, mpumbavu wewe! Hata mtoto anajua!"

"Gamaliel nimpe usiozaa? Si dhambi hiyo, kaka?"

"Dhambi! Mimi namsifu kuliko wewe, tena namsifu nimesimama! Wewe unamtolea posa ya mwanangu, Abrahamu gani wewe, mwana mwenyewe si wako! Alikuomba?"

Gari likafika. Avit akapiga magoti kwenye tope. Gamaliel akamshika makwapa kumwinua, aibu imemjaa. "Inuka, waitu, ndugu yangu. Mimi nimekuja kuangalia koki inayovuja."

Mikungu ilikuwa michanga. Wakaifukia shimoni iive, ikaoza. Siku ya posa Rugaibula akabeba lubisi ya kuomba kwa jirani yake Edvina, ile ile aliyozoea kuiita maji ya kuoshea sufuria. Wakwe wakanywa, wakaongeza, wakampigia makofi: "Rugaibula, kumbe sifa zako si za bure!"

Binti wakampa. Yeye akakaa pale amevimba kama chura kwa kumkasirikia Avit, na mpaka leo hawasalimiani.

Ila Rugaibula naye alikosea kitu kimoja. Panga la kukatia migomba alimpa Avit yeye mwenyewe, asubuhi ile ya mgeni, na hakuuliza la nini.