Mwanga wa Bure

Ernestine ana kichwa kigumu, na yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kukwambia. Alipoanza kupiga picha mitaani Kinama, miaka thelathini na mitano iliyopita, kaka yake Musafiri alimuuliza, "Mwanamuke gani anazunguka na kamera mu shingo?" Akamjibu, "Huyu unamuona," kisha akampiga picha uso bado umekunjamana. Picha hiyo ingali ukutani.

Kamera ya kwanza ilikuwa Zenit, chuma kitupu, nzito kama tofali. Ikaja Yashica, aliyoipenda kuliko baadhi ya ndugu zake. Ikaja ile ya kutoa picha papo hapo, halafu za dijitali, halafu simu, na simu zikafunga studio za mtaa mzima. Watu wakamshauri auze mandazi. Thubutu! Yashica iko kwenye mkoba wake mpaka leo, filamu ndani, hata Jumapili akienda kusali. Mzee Massoudi wa Buyenzi bado anasafisha filamu, basi yatosha.

Kwa nini filamu isikosekane? Hapo ndipo panapomuuma. Zamani wapiga picha wa sherehe walikuwa na ujanja wao. Filamu ikikaribia kwisha na watu bado wanajipanga, unawasha flashi peke yake, wanacheka, wanaondoka. Waliuita mwanga wa bure. Siku ya ubatizo mmoja mama yake mzazi alivuka mpaka kutoka Uvira na kitenge kipya, akasimama mbele ya Yashica. Zilibaki picha mbili, na wateja walikuwa wakingoja. Mama akapewa mwanga wa bure. Huyu ni wangu, Ernestine aliwaza, nitampiga kesho.

Kesho haikuja. Kila alipovuka, mama aliuliza, "Na picha yangu?"

"Ingali kwa Massoudi, mama."

Miaka miwili ya uongo huo, mpaka mama akafariki, na juu ya jeneza hapakuwa na picha. Ernestine hajajisamehe, wala hataki mtu amwambie ajisamehe.

Sasa sikiliza ya Jumamosi iliyopita, kwenye harusi Kinanira. Siku hizi anapiga kwa kamera ya Maxime, kijana mwenye vifaa na wateja, na hiyo ndiyo kazi pekee iliyombakia. Kabla ya keki Maxime akamnong'oneza, "Kadi imebakisha picha kumi, ni za keki. Wale bamama ba nyuma, uwawashie flashi tu. Hawatajua."

Huko nyuma bibi mmoja, shangazi wa bwana harusi, alikuwa amenyoosha shingo tangu mchana akingoja zamu yake. Damu ikamchemka Ernestine. Akamtia Maxime kamera yake mkononi, akafungua mkoba, akatoa Yashica.

"Ukipiga na ile kitu, mama, usirudi tena kwangu!"

"Basi sirudi. Mi si mutu wa kudanganya wazee mara ya pili."

Vijana wakacheka. Wacha wacheke. Akaenda mpaka safu ya nyuma, bibi akasimama, akaweka nguo zake sawa. Flashi ikawaka.

"Mwanangu," bibi akasema, "mbona hukuvuta na kidole? Mule muna filamu, ao mwanga tu?"

Ernestine akashusha kamera; filamu alikuwa ameivuta tangu nyumbani. "Bibi unajua mambo ya mwanga?"

"Sisi wote tulijua. Kama kuna filamu, mwenye kupiga anavuta kale kachuma na kidole gumba. Kama hakuvuta, tunajua apana picha. Tulikuwa tunacheka tu, hatutaki kuwapatisha haya."

Wote. Basi na mama alijua, siku ileile. Miaka miwili aliuliza akijua, akingoja bintiye aseme kweli. Machozi yakamtoka Ernestine mbele ya harusi nzima, na hakuyafuta.

Akainua Yashica, akaisogeza mpaka karibu na macho ya bibi. Akavuta kale kachuma kwa kidole gumba, polepole, mpaka mwisho.

"Umeona, mama?"

"Nimeona."

Akampiga picha.