Kuinamisha Kichwa Si Kukiri

Mkorea niliyefanya naye kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli alikuwa na daftari: kushoto neno la Kiingereza, kulia maelezo ya Kikorea. Kila mapumziko ya chakula alinifundisha neno moja. Mimi shule niliiacha darasa la sita, wazazi walipofariki nikabaki na wadogo zangu wanne.

Wiki ile neno lilikuwa *lambaste*.

"Onni," aliniambia. Ndivyo kwao wanavyomwita dada mkubwa. "Hili si kugombeza tu. Ni kumchambua mtu kwa maneno makali mpaka abaki mifupa."

"Kama msimamizi juzi?"

"Kama msimamizi juzi."

Juzi hiyo mashuka yalikuwa yametoka kwenye mashine na madoa. Mashine ilikuwa mbovu, na nilikuwa nimeshamwambia msimamizi mara mbili. Hata hivyo alinifokea mbele ya wote. Nikainamisha kichwa. Kwetu Bukavu, mkubwa akifoka humkazii macho. Mkorea naye, kando yangu, aliinamisha chake. Kwao ni vilevile. Msimamizi akaandika barua ya onyo kwamba nimekubali kosa. Ijumaa nitie sahihi. Lilikuwa onyo la pili, na baada ya la pili ni kufukuzwa.

Alhamisi nilikuwa jikoni kwetu Husby, mtaa tunaoishi huku ughaibuni, nikilirudia neno. Mdogo wangu wa mwisho akacheka.

"Dada, hilo ni neno la magazeti!"

"Vizuri. Atalisikia kama anasomewa gazeti."

Ijumaa msimamizi alinisogezea karatasi na kalamu. Nikamwambia kwa Kiingereza changu, neno lile katikati, kwamba alinishambulia mbele za watu kwa ubovu wa mashine.

"Lakini ulikubali," akasema. "Uliinamisha kichwa."

"Kichwa nilikiinamisha kwa heshima. Kosa sikulikubali."

Akamgeukia Mkorea, niliyemwomba aje kuwa shahidi wangu.

"Mimi pia niliinamisha," Mkorea akasema. "Mimi nilikubali nini?"

Nikamrudishia msimamizi kalamu, kifuniko chake hakijaguswa.

Fundi wa mashine alikuja Jumatatu. Karatasi ile haina sahihi yangu hadi leo, na mashuka bado nayakunja palepale. Msimamizi akifoka siku hizi, namtazama usoni mpaka amalize. Mama angenikemea kwa hilo. Lakini mama hakuwahi kuandikiwa onyo kwa sababu ya adabu zake.