Mikanda Sita ya Nchi ya Mawingu

Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, Madhuben alichukua mkanda wa video uliorudishwa jana yake, akautia kwenye deki na kuurudisha nyuma huku picha zikionekana. Wenye maduka mengine walizima picha ili kazi iende haraka. Yeye alisimama, kiganja juu ya deki yenye joto, akaangalia mvua ikipanda mawinguni, moshi ukirudi ndani ya moto, na watu walioanguka wakiinuka na kutembea kinyumenyume hadi makwao. Deki iliposimama, alilifuta kasha kwa kitambaa, akafungua mlango, na kelele za Kariakoo zikaingia.

Duka lilikuwa upande wa Mnazi Mmoja. Yeye na mumewe walilianzisha miaka ile bidhaa zilipoanza kuingia kwa wingi na runinga zikaonekana hata kwenye vyumba vya kupanga. Kisha mumewe alifariki, akabaki na deki, rafu tatu na wateja. Mimi nilikuwa nasoma chuo kikuu, Mlimani. Wakati wa likizo nilikaa kwa shangazi, ghorofa ya juu ya duka, nikawa nashuka kukodi mkanda na kujikuta nimekaa hadi adhuhuri.

Madhuben alikuwa na utaratibu wake. Ukirudisha mkanda, unaandika maoni yako kwenye daftari lililofungwa kwa uzi mezani. Usipoandika, hupewi mkanda unaofuata. Lakini macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na miandiko ya wateja ilimshinda. Nikawa msomaji wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Soma. Wamesemaje?"

Mwaka ule karibu wote walisema juu ya kitu kimoja: katuni ya Kijapani ya mikanda sita, iliyokuja katika katoni kutoka Dubai. Ilikuwa Kijapani kitupu, bila tafsiri, hata jina lake hatukulijua. Wateja wakaiita Nchi ya Mawingu. Binti mdogo, amepanda fahali mweupe, anavuka mawingu kutafuta mvua iliyopotea. Mama yake anafuata nyuma na taa. Katika mkanda wa nne fahali anavunjika pembe moja, na mama anashuka ndani ya kisima cha mwanga ili binti apite. Kisima kinafunga. Halafu katika mkanda wa tano, asubuhi tulivu, mama yupo, ameketi kwenye majani, anamchana binti nywele. Katika wa sita binti anaendelea na safari peke yake, na sote tuliamini kwamba mama kabaki nyumbani akimsubiri.

Twaha, anayefanya kazi bandarini, aliandika: "Mama kafa, mama kaja. Pembe imevunjika, pembe imeota. Haieleweki, lakini nipeni wa sita." Mwingine akaandika: "Kule juu hata pembe huota." Severa, fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, aliandika kwa herufi kubwa: "AMERUDI. NIMEANGALIA ANAVYOMCHANA NYWELE MARA TATU." Mama yake Severa alikuwa amefariki mwezi wa Ramadhani uliopita.

Hayo niliyasoma kwa sauti, na Madhuben aliniomba niyarudie ya Severa.

Tatizo lilikuwa Harshad, mdogo wa marehemu mumewe, aliyekuwa akirekodi harusi. Mikanda mitupu ilikuwa imeadimika, na mikanda ya Dubai ilikuwa ya ubora mzuri; ukiziba kwa utepe wa gundi kile kitundu cha pembeni kinachozuia kurekodi, unarekodi juu ya kilichomo. Aliitaka yote sita.

"Jumamosi nakuja, Bhabhi," alimwambia shemeji yake. "Nisomewe daftari. Wateja wakisema haina maana, naichukua."

Usiku wa Alhamisi niliiangalia yote mfululizo, tangu mwanzo. Ndipo nikaona. Katika wa tatu fahali ana pembe mbili, katika wa nne anavunjika moja, katika wa tano anazo mbili, katika wa sita ana moja. Nikakumbuka kusikia kwamba ile katoni ililowa bandarini, karatasi za namba zikabanduka, na Madhuben akazibandika tena kwa uji wa ngano. Wa nne na wa tano ilikuwa imebadilishana namba. Hakuna aliyerudi kutoka kisimani. Mama alimchana binti nywele kwanza, ndipo akashuka.

Jumamosi Harshad alikuja na mfuko mkubwa. Twaha na Severa walikuwepo. Nikasoma daftari.

"Basi," Harshad akasema. "Wenyewe wameandika haieleweki. Mtu anakufa, halafu anarudi hivihivi?"

"Kwani ulitaka aombe kibali?" Severa akamjibu.

"Mimi nimesema haieleweki," Twaha akaingilia, "sikusema mbaya. Hata mke wangu haeleweki, na sijamfuta."

Duka zima likacheka, isipokuwa Harshad. Alishaanza kuipanga mikanda mfukoni, wa kwanza, wa pili. Mimi ningeweza kuinusuru: kubadilisha karatasi mbili tu, na hadithi ingeeleweka kwa kila mtu. Nikachukua wa nne na wa tano mikononi.

"Bwana Harshad, hii mikanda..."

Madhuben akaitwaa mikononi mwangu, taratibu, kama mtu anayempokea mwenzake mtoto aliyelala. Akaiweka mezani jinsi ilivyokuwa, wa nne kushoto, wa tano kulia. Akanitazama. Nikafunga daftari.

"Anarudi kabisa?" Harshad akamuuliza Severa, kwa sauti nyingine. "Si ndoto ya yule binti?"

"Anarudi. Unaiona mikono yake."

Harshad akatazama ukutani, ilipotundikwa picha ya kaka yake yenye shada la maua. Kisha akaitoa mikanda mfukoni mmoja mmoja.

"Mkanda gani?"

"Wa tano."

"Nauazima. Jumatatu naurudisha."

"Uandike na maoni, bwana," Twaha akamwambia. "Usipoandika hupewi wa sita."

Walipoondoka wote, Madhuben alirudisha mikanda mitano rafuni, akaacha nafasi ya mmoja. Nikamsogelea.

"Mama, kwa nini hukuzibandika upya zile namba?"

Alikuwa anafuta kasha la wa nne.

"Nikizibandika sawasawa, binti, mama yule anakufa na harudi tena."